Mahari ya Josiane na DVD Moja Orijino

Jumapili, 7 Septemba 2025

Jana tulipeleka posa Fort Worth, kutoka kwetu Missouri City, Texas. Kwenda mwendo wa saa nne na nusu, kurudi saa sita, maana mke wangu Apolonia akiona kituo cha mafuta chenye choo kisafi lazima tusimame. Mimi ndiye mshenga. Muoaji ni Elia, mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe tangu akiwa darasa la sita. Sasa ana miaka thelathini na miwili, kazi ya ofisini na nyumba mpya mjini Katy — vyumba vinne, kitanda kimoja. Anamtaka Josiane. Josiane ni nesi, ana adabu, anacheka kwa sauti. Sina neno naye.

Wazazi wake ni Wakongo wa Uvira. Baba, Mzee Polycarpe, anaendesha forklift ghalani. Mama Clothilde analea wazee kwenye nyumba za watu. Walitupokea vizuri kabisa. Sombe, kisamvu cha kwao, samaki, ugali wa muhogo — nilikula hadi nikaona aibu. Mzee mwenyewe si msemaji. Alisema karibuni, akasema muombe, akasema mule. Mwishoni akanikabidhi bahasha. Orodha ya mahari. Haifunguliwi mbele ya wenye binti, kwa hiyo tukaifungulia kwenye gari, njiani Corsicana, karibu na pampu ya mafuta.

Mbuzi kumi, kwa fedha. Suti ya baba, viatu, kofia. Vitenge vya mama, si vya mchezo. Blanketi mbili. Mfuko wa chumvi. Kandili! Haya, mambo ya kawaida, kila kabila lina yake, sisi wa Rombo tungeweka pombe. Halafu namba kumi na nne, kwa mwandiko uleule uliotulia:

"DVD moja, film: Le Barbier de la Septième Montagne, 1979. Originale. Hapana photocopie."

Apolonia akasema labda anatania. Nikamwambia mtu anayepiga mistari ya orodha kwa rula hatanii.

Jumatatu, 8 Septemba

Elia kamuuliza Josiane. Maelezo ni haya. Walipokuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mzee Polycarpe alikuwa na banda la video. Jenereta moja, TV moja, deki moja. Filamu za Kichina, maandishi ya Kiingereza, watazamaji hawajui hiki wala kile. Basi Mzee anasimama kando ya TV na fimbo, anatafsiri yote kwa Kiswahili. Sauti ya shujaa yeye, ya adui yeye, ya mwanamke yeye, ya farasi pia yeye. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya kinyozi anayepigana kwa wembe. Josiane amekulia humo bandani, kiti chake kilikuwa dumu la petroli. Zile CD zote zilikuwa za kuchoma. Ya kinyozi tu ndiyo ilikuwa orijino, na ilipotea safarini walipokuja Amerika.

Kumbe ni kitu kidogo! Kumbukumbu ya mtu mzima. Nimemwambia Elia wiki hii nakuwa nimemaliza.

Alhamisi, 11 Septemba

Haipo.

Nimetafuta kwenye app zote nne tunazolipia. Moja ilikuwa nayo mwaka jana, wameiondoa. Apolonia akauliza, sasa tunalipia nini? Nimekwenda duka kubwa la jirani, lile lililokuwa na safu tatu nzima za DVD. Nimemuuliza binti wa pale ziko wapi. Kaniangalia kana kwamba nimeulizia mafuta ya taa. Safu zote tatu sasa ni majiko ya kukaanga bila mafuta.

Mtandaoni nimeikuta moja. Dola sitini na nne. Nikasema hawa ni wezi, nikaenda kunywa chai nitulize hasira. Niliporudi imeshanunuliwa, na iliyobaki ni dola themanini na tisa. Chai yenyewe haikuwa na sukari.

Jumamosi, 13 Septemba

Maduka ya mitumba, saba, kuanzia Missouri City mpaka Katy. Kila duka lina rafu ya DVD za dola moja. Nimezipitia zote nimepiga magoti, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Mazoezi ya tumbo. Mazoezi ya tumbo baada ya kujifungua. Katuni za Nuhu. Harusi ya watu fulani Beaumont, 2006 — wameitoa mtumba harusi yao! Kinyozi hayupo.

Duka la mwisho kijana kaniambia, mzee, watu wamegundua hizi zinaadimika, wanazisomba kwa maboksi. Zamani tulikuwa tunazitupa. Nikamwambia asinikumbushe. Mimi nilitupa mfuko mzima tulipohamia nyumba hii.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata fununu. Bellaire kuna mama wa Kivietinamu ana duka dogo la filamu za zamani za karate. Nimetoka kazini mapema. Duka limejaa hadi dari, yeye amekaa katikati na feni. Nikamtajia jina. Akacheka.

Anasema alikuwa nazo tatu. Zote zimekwenda, ndani ya mwezi mmoja. Mteja ni mmoja, mzee mmoja wa Fort Worth, anapiga simu, analipa kwa kadi ya benki, anatumiwa kwa posta. Anaongea kama wewe, kaniambia.

Kama mimi kivipi? Anasema: taratibu, na anasalimia sana kabla ya kusema shida.

Nimerudi nyumbani nina hasira. Nimemwambia Apolonia kuna mlanguzi Fort Worth, Mwafrika mwenzetu, anazinunua zote afiche, bei ipande, aje atukamue. Watu wetu hatupendani! Apolonia kaniangalia kwa muda mrefu. Halafu akaendelea kukata vitunguu.

Jumapili, 21 Septemba

Elia ana wazo. Tumnunulie Mzee TV kubwa ya ukutani, tumlipie app zote maisha yake yote, filamu elfu kumi. Vijana! Lakini kwa mahali tulipofika, nimempigia simu Mzee kumpima.

Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, Muzee Gelasius, ile film ilikuwa ndani ya app?

Nikasema ndiyo, mwaka jana.

Leo iko?

Nikasema hapana, wameiondoa.

Akasema, donc, basi, wewe unataka mutoto yangu aende kwako milele, na kitu ya kwangu iondolewe mwaka kesho.

Nikamsalimia Mama Clothilde, nikakata.

Jumamosi, 27 Septemba

Sospeter wa parokiani kaniokoa. Ana kompyuta inayochoma CD, labda ya mwisho Texas nzima. Kaipata filamu yenyewe mahali kwenye mtandao — sikuuliza wapi. Kachoma. Kava kaichapa ofisini kwao kwa karatasi inayong'aa, mbele kinyozi na wembe wake, nyuma maandishi ya Kichina, safi kabisa. Hata ile nailoni ya juu kaizungushia na kuibana kwa mashine ya kukaushia nywele. Malipo yake sahani ya pilau.

Nimeiangalia sana. Mimi sioni tofauti. Na nani ataona? Mimi tangu nizaliwe sijawahi kununua orijino. Kariakoo enzi zetu orijino ilikuwa ile ambayo picha haitikisiki na hakuna kichwa cha mtu kinachopita mbele kwenda chooni.

Roho imetulia. Jumamosi ijayo tunakwenda kumaliza.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika kwa kifupi, sina hamu.

Jana Fort Worth. Mbele ya wazee wao wanne na mchungaji. Suti imemkaa Mzee vizuri. Kofia, sawa. Viatu, sawa. Vitenge — Mama Clothilde alivifunua kimoja kimoja, akina mama wakapiga vigelegele. Blanketi, chumvi, kandili. Mbuzi kwenye bahasha. Kila kitu kinapokelewa, mchungaji anaweka tiki.

Namba kumi na nne. Nikaitoa kwa mikono miwili. Mzee akavua nailoni polepole. Akaitoa DVD kwa kushika ukingoni, kama mtu anayeshika yai. Akaenda nayo dirishani. Akailaza kwenye mwanga.

"Iko mauve," akasema.

Sikuelewa. Akanionyesha. Chini ya DVD kulikuwa na rangi ya zambarau. Akasema ya kweli inakuwa kama fedha, kama kioo. Ya zambarau imechomwa. Aliyasema yote bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akairudisha kwenye kava, akaifunga, akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Muzee Gelasius. Mutoto yangu haiko photocopie."

Jamani. Nimewahi kuaibika maishani, lakini si hivyo. Wazee wao wakatoka kushauriana, wakarudi na faini: kreti mbili za Fanta na mbuzi wa kumi na moja. Hiyo haikuniuma, faini ni haki yao, nimewakosea. Kilichoniuma ni Mzee kusema tutaitana siku mutapata ya kweli. Yaani shughuli imesimama. Josiane akaingia jikoni, tukamsikia analia. Tukarudi moja kwa moja mpaka Missouri City. Saa nne na nusu. Apolonia hata choo hakuomba.

Jumatano, 15 Oktoba

Mambo yameharibika. Ukumbi wa harusi umeshalipiwa, Januari kumi, haurudishi hela. Elia, kwa hasira, kamwambia Josiane waende mahakamani wakaandikishe ndoa, wamalize. Josiane kamwambia, ukienda mahakamani nenda peke yako, mimi bila baba yangu kunitoa kwa mkono wake sitoki. Siku ya nne leo hawaongei. Elia alikuja kula kwetu, akakaa na sahani, akasema Baba Mdogo, hivi kweli nitamkosa huyu dada kwa sababu ya CD?

Nilimwambia hutamkosa. Nilisema kwa sauti kubwa, ili na mimi nisikie.

Mtandaoni iko moja, dola mia mbili na arobaini, na mwenyewe anasema ina mkwaruzo. Nikampigia yule mama wa Kivietinamu. Anasema wiki iliyopita alipata nyingine kutoka kwa mtu aliyefariki, nzima, haijafunguliwa. Iko wapi? Imekwenda. Fort Worth!

Nikamsihi. Nikamwambia, mama, ukiongea tena na mtu huyo mwambie awe na huruma, hapa kuna kijana anataka kuoa, bila filamu hiyo hapewi mke. Kasema atamfikishia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama wa Bellaire kapiga simu. Kamfikishia. Yule mtu akasema Mungu ambariki huyo kijana. Halafu akauliza kama ikipatikana nyingine atunziwe.

Watu wengine hawana haya.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Jana nilikwenda Fort Worth peke yangu kulipa faini. Kreti za Fanta nyuma ya gari zinagongana njia nzima. Mzee alikuwa kazini, siku hizi anafanya kazi hata Jumamosi. Mama Clothilde akanipikia chai, tukaongea habari za magoti yake na za magoti yangu. Alipoona nimemaliza kikombe, akasimama.

"Kuya uone kintu."

Nikamfuata gereji. Kuna friji la zamani, bovu, halina hata waya. Akalifungua.

Vinyozi tisa!

Wamepangwa mlangoni, kwenye ile rafu ya mayai, migongo nje. Wote wamevaa nailoni. Chini kabisa bahasha za posta zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, na juu ya nne kati yake stika nyekundu ya duka la Bellaire. Jina: Polycarpe.

Nikatafuta pa kukaa. Nikakalia kreti ya Fanta.

Mama Clothilde akasema, "Miye hapana sema kintu. Naonyesha tu."

Halafu akasema yote. Kabla ya posa yetu Mzee alikuwa na moja tu, aliitafuta miaka mitatu, alipoipata alicheza. Ndiyo hiyo wanayoiangalia kila Jumapili, yeye na Josiane. Mtoto anasoma Kiingereza kuliko yeye, maandishi yote yako pale chini, lakini Mzee anasimama na fimbo anatafsiri, na mtoto anaketi chini anasikiliza. Tangu alipozaliwa ni hivyo. Barua yetu ya kuomba kuja kuposa ilipofika, Mzee akaongeza namba kumi na nne. Kisha akaanza kununua. Overtime yote inaishia humo kwenye friji. Mama alimuuliza, Papa Josiane, unafanya nini? Akajibu: wakati ile film haipatikane, mutoto iko hapa.

Nilikasirika. Sitaki kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nilimfikiria Elia na sahani yake, nilijifikiria nimepiga magoti kwenye mazoezi ya tumbo, nikakumbuka ile zambarau mbele ya mchungaji — na yeye tisa anazo! Nilitaka kumsubiri hapohapo gereji arudi na forklift yake.

Lakini nikaendelea kuziangalia, na hasira ikaanza kunitoka bila kuniaga. Mimi binti yangu Yasinta yuko Seattle. Nikimpigia, ananiandikia: can't talk, all good? Nami namjibu all good. Ndiyo mazungumzo yetu tangu Pasaka. Kama mtu angeniambia kuna kitu cha kununua, cha kuweka kwenye friji, ili arudi sebuleni kwangu Jumapili moja, sijui ningenunua vingapi.

Mama Clothilde akachomoa moja, ya mwisho kabisa, akaitia kwenye mfuko wangu chini ya mkate alionifungashia. Akasema, ilikuwa yetu, sasa iko yenu. Mulete Jumamosi. Josiane haiko mutoto tena, anazeeka huku baba yake ananunua film.

Nimeendesha saa nne na nusu nikiwa na mali ya mkwe iliyoibwa kwa niaba yangu. Sikupita spidi hata mara moja.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemweleza Apolonia. Kasema alijua tangu siku ile ya Mvietinamu.

Ulijua? Mbona hukusema?

Hukuniuliza, uliniambia kuna mlanguzi.

Tumezungumza sana kuhusu Elia. Nimeamua simwambii. Apolonia anakubali. Akijua leo atacheka, lakini mwaka wa tatu wa ndoa, siku wamegombana kuhusu vyombo, atamtupia mwenzake: baba yako alinifanyia hivi na hivi. Mshenga anabeba maneno kwenda na kurudi. Mengine anabaki nayo.

Elia alikuja kuiona. Kaishika, kaigeuza kwenye taa na nailoni yake, kanikumbatia, mkono mmoja machoni. Wanaongea tena na Josiane, nasikia usiku kucha. Kaniuliza, Baba Mdogo, uliipata wapi?

Nikamwambia Fort Worth. Sijasema uongo.

Kinachonisumbua ni kimoja. Mzee ataijua. Mtu anayezipanga hivyo anazihesabu. Akiwa na hasira anaweza kukataa tu, aseme ina kasoro, na sina nyingine. Josiane keshasema hatoki bila mkono wa baba yake. Tutakuwa tumemaliza kila kitu.

Jumamosi, 1 Novemba

Niko chooni kwa wakwe, Fort Worth. Mlango nimefunga. Naandika haraka.

Tulifika saa saba. Wazee walewale wanne, mchungaji yuleyule, kalamu yake. Mbuzi wa kumi na moja kwenye bahasha, sawa. Nikatoa DVD kwa mikono miwili kama mara ya kwanza.

Mzee akaipokea. Akaigeuza nyuma. Pale kwenye kona, kwenye nailoni, yule mama wa Bellaire huwa anaandika kwa kalamu nyekundu namba yake ya dukani. Mzee akaisoma. Akaisoma tena. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Mama Clothilde. Mama Clothilde alikuwa anaangalia feni ya dari.

Mzee aseme nini? Akisema ni ya wizi, atasema imeibwa wapi? Josiane amekaa mbele yake na kitenge kipya, hajui kitu, anamwangalia baba yake tu. Nikasema moyoni, Mzee, nisamehe, wewe ndiye ulianza.

Akachana nailoni kwa ukucha. Akaenda dirishani. Fedha tupu, inawaka kama kioo.

"Iko ya kweli," akasema.

Vigelegele! Apolonia alipiga mpaka sauti ikakatika. Mchungaji akainua kalamu kuweka tiki. Mzee akainua mkono.

Akasema film haijulikane kwa rangi. Inaweza kuwa na kasoro katikati. Lazima wazee baiangalie mpaka mwisho, ndipo baseme ndiyo. Akasema ni desturi. Hakuna mtu Uvira wala Rombo aliyewahi kusikia desturi hiyo, lakini wazee wao wanne wakatikisa vichwa kwa uzito kabisa.

Basi tukaanza saa nane. Filamu ina dakika tisini na nane, iko kwenye kava. Mzee kasimama kando ya TV na suti yake ya mahari na mpini wa fagio. Na yule mtu ambaye tangu Septemba hajaniambia maneno hamsini — loo! Kawa kinyozi. Kawa jenerali mlevi. Kawa mjane, kawa farasi wawili wanaogombana. Wazee wao wanajibu pamoja kama kanisani, wanajua kila mahali. Elia kacheka mpaka kateleza kwenye kochi. Mimi pia nilicheka, nikasahau nimekuja kufanya nini.

Ila anaisimamisha. Kila dakika mbili tatu, rimoti, puu, imesimama. Anaeleza huyu ni nani. Anaeleza kambini siku hii ilinyesha. Anauliza wageni kama wamekunywa. Sasa ni saa kumi na moja na nusu jioni na tumefika dakika ya arobaini na moja.

Ya arobaini na moja ndiyo hii. Kinyozi ana binti, na binti anaondoka, anavuka daraja la kamba na mzigo mgongoni. Maandishi ya chini ni mafupi: Go. The road is long. Nenda, njia ni ndefu, nimeyasoma kwa macho yangu. Mzee akateremsha mpini wa fagio, hakubadilisha sauti, ilikuwa yake mwenyewe. Akasema:

"Mama, ukifika kule, chumvi usiweke mingi, maji yao haiko muzuri. Na usiendeshe gari ukitoka kazi ya usiku, lala kwanza. Na simu uchaji. Nikiita, uitike."

Hakuna aliyecheka. Wazee wao hawakuitikia, nadhani mahali hapo hawakupajua. Elia anasoma Kiingereza, alisoma yale maneno matano, akageuka kuniangalia, na nikaona ameelewa, si la friji, lakini lile lenyewe la baba na binti. Josiane ameketi chini, kandambili kavua, magoti kayakumbatia. Analia na hafichi.

Kisha akasema, Papa, rudisha kidogo, sikusikia vizuri.

Mzee akarudisha. Binti akaanza tena kuvuka, na safari hii ushauri ulikuwa mrefu zaidi, kulikuwa na habari ya mafuta ya breki. Papa, rudisha. Akarudisha. Mara ya tatu nikaona nije huku chooni.

Elia kaniandikia text kutoka kwenye kochi: Baba Mdogo, hii itaisha leo kweli? Nimeisoma. Mchungaji hajaweka tiki, kalamu bado iko wazi, kazi ya mshenga ni kutoka sasa hivi nikaseme jambo, niombe kwa heshima tusonge mbele, tuna saa nne na nusu za barabara.

Apolonia anagonga mlango. Anasema Mzee anakusubiri, hataki kuendelea bila mshenga. Nimemwambia nakuja, nimefungua bomba la maji, na bado nimekaa. Kupitia mlangoni nasikia Josiane anauliza kama wanaweza kurudisha tena, pale tu darajani.

Mzee anasema ndiyo, mama. Anarudisha.